Hicho kichupa ulichonitumia picha yake

Bombo, Jumapili usiku

Mwanangu,

Picha yako niliipata Ijumaa. Nimeivuta mpaka nikasoma herufi zote: kichupa cha mafuta ya manjano, testosteroni enanthati, yaani homoni ya kiume ya sindano, miligramu 250 kwa kila mililita. Chini yake uliandika: "Mama, wewe ni nesi. Kocha anasema mililita 2 kwa wiki, wiki 10, nitakuwa tayari kwa mashindano ya Desemba. Nina miaka 22, siumwi popote. Kuna ubaya gani?" Sikukujibu siku ile kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka.

Tuanze na hesabu. Mwili wa mwanamume mzima hutengeneza miligramu 3 hadi 10 za testosteroni kwa siku. Wewe umeambiwa ujichome 500 kwa wiki. Hata ukitoa uzito wa kile kilichoongezwa ili dawa itoke kwenye msuli polepole, zinabaki kama 50 kwa siku. Ni mara tano ya anayetengeneza nyingi kuliko wote. Mgonjwa ambaye korodani zake zimeshindwa kazi, daktari humpa za kumfikisha alipo mwenzake mzima, basi. Wewe hujapungukiwa na kitu.

Yanayofuata alistahili kukuambia mjomba wako, lakini mjomba hayajui, kwa hiyo nivumilie. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Hiyo ndiyo inayoziamuru korodani zifanye kazi. Homoni ikijaa kwenye damu, tezi inanyamaza. Haina njia ya kujua kwamba imetoka kwenye sindano. Korodani zisipopata amri zinaacha kutengeneza homoni, zinaacha kutengeneza mbegu, zinasinyaa. Usidhani hiyo ni bahati mbaya ya watu wachache. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa kupanga uzazi kwa wanaume: walichomwa dawa hii hii, miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu yao mbegu ziliisha kabisa. 200, mwanangu. Wale walikuwa wanaangaliwa na madaktari, na walipoacha mbegu zilirudi, ila ilichukua miezi. Wanaojichoma dozi kubwa wenyewe huweza kungoja mwaka na zaidi, na wapo ambao hazirudi kama zamani. Katika kungoja huko nguvu zinaisha, hamu inaisha, mtu anakaa na huzuni asiyojua imetoka wapi. Ndipo wengi wanapoirudia sindano, na ile "wiki 10" inakuwa miaka.

Unasema kocha ana vidonge vya kuuamsha mwili baadaye, tamoxifeni. Hivyo nimewagawia akina mama wenye saratani ya titi. Kijana wa jimu anavitakia nini? Testosteroni ikizidi, mwili hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni, homoni ya kike, na mwanamume anaota matiti. Yakishakomaa, vidonge havifui dafu, ni kisu cha daktari. Na vile vidonge vingine vya kuongeza misuli, kama Dianabol, vimetengenezwa ili ini lishindwe kuviharibu haraka, na ini ndilo linaloumia. Usiviguse.

La moyo nalisema kwa uchungu. Baba yako presha ilimwangusha akiwa na miaka 48, na wewe ndiye uliyemshika mkono kwenye gari. Dawa hizi hupandisha presha, hushusha mafuta mazuri ya damu, huifanya damu kuwa nzito na misuli ya moyo kuwa minene. Hayo hayaonekani kwenye kioo cha jimu. Damu ya baba yako ndiyo iliyo mwilini mwako.

Nilipokuwa bado kazini aliletwa kijana wa rika lako, amelala kifudifudi, tako limevimba na linawaka moto. Walichangia kichupa kimoja na sindano moja, watu wanne. Tulipolipasua jipu usaha ulijaza bakuli. Mimi nikiwaza virusi vya UKIMWI na homa ya ini, yeye akaniuliza, "Sista, huu upande utabaki mdogo kuliko mwingine?" Nililia nilipofika nyumbani. Nilikuwa nimekuona wewe pale kitandani.

Na hicho cha kwako sioni jina la kiwanda wala namba ya toleo. Kilichomo ndani hakuna anayekijua, hata kocha.

Najua Desemba ina maana kwako. Nakumbuka ulivyonyanyua jerikeni mbili za mchanga nyuma ya nyumba kabla hujajua jimu ni nini. Kwa kilo zako 75, protini gramu 120 kwa siku zinakutosha: mayai, maharage, maziwa, mukene, yaani dagaa. Rolex, ile chapati ya kuviringia mayai, ikiwa na mayai matatu ni karibu gramu 20 tayari. Ukitaka cha dukani, kriatini gramu 3 hadi 5 kwa siku imechunguzwa sana na haigusi homoni zako. Misuli itakuja polepole kuliko ya wenzako wa sindano, sikudanganyi. Huenda Desemba hii wakakushinda.

Kama umeshajichoma, niambie. Sitakufokea. Tutapima damu: homoni, ini, mafuta, homa ya ini, na HIV, na tutaenda kwa daktari wa homoni pamoja. Jumamosi njoo, mashine ya presha ipo juu ya kabati. Kichupa uje nacho, usimpe mwenzako. Mukene nimeshaanika.

Mama yako