Asili ya neno dinari

SWALI: Mhariri, katika darasa la msikitini hapa Tabora tumefundishwa kwamba kiwango cha zaka ya dhahabu ni dinari 20. Je, dinari ni neno la Kiarabu halisi, na sarafu hiyo ilikuwaje? Msomaji, Tabora.

JIBU: Asili yake ni Kilatini. Warumi walikuwa na sarafu ya fedha iliyoitwa denarius, yaani yenye thamani ya kumi, na jina hilo lilipitia Kigiriki na Kiaramu hadi kuwafikia Waarabu, ambao kwao lilihusu sarafu ya dhahabu. Walilizoea kabla ya Uislamu, ndiyo maana limo katika Kurani, sura ya Al Imran, aya ya 75.

Mwanzoni Waislamu walitumia dinari za Warumi wa Mashariki zenye sura ya mfalme, hata Khalifa Abd al-Malik alipotoa zake, za awali zikiwa na sura yake mwenyewe. Mwaka 77 Hijria (696–697) aliondoa picha zote, na katikati ya sarafu ikaandikwa shahada ya kumpwekesha Mungu, huku maandishi ya pembeni yakitaja mwaka iliotengenezwa. Kwangu mimi, hiyo ni miongoni mwa sarafu nzuri kuliko zote.

Uzito wake ulikuwa takriban gramu 4.25, hivyo dinari 20 ulizofundishwa ni gramu 85 za dhahabu. Dirhamu nayo, sarafu ya fedha, ilitokana na drakma ya Wagiriki kupitia Kiajemi.