Maswali ya Wasomaji: Wageni Wana Kambi, Mlango wa Ikulu Una Mwenyewe

Julai 2023 Niger ilikuwa na wanajeshi wa Ufaransa wapatao 1,500 na Wamarekani zaidi ya 1,000. Ilikuwaje rais akapinduliwa huku wakitazama? (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewekwa pale kumlinda rais. Wafaransa walikuwa wakipambana na makundi yenye silaha upande wa mipaka ya Mali na Burkina Faso. Wamarekani walirusha ndege zisizo na rubani kutoka Agadez, mamia ya kilomita kutoka mji mkuu, Niamey, kwenye uwanja uliowagharimu takriban dola milioni 110. Mwenye mlango wa ikulu alikuwa Jenerali Abdourahamane Tchiani, mkuu wa walinzi wa rais tangu 2011. Asubuhi ya Julai 26 hakuhitaji kuteka mji wala kulipua daraja. Alifunga milango tu, Rais Mohamed Bazoum akabaki ndani pamoja na mkewe na mwanawe.

Kuanzia hapo hesabu ni nyingine kabisa. Jeshi lililo nje ya geti lina njia mbili: kuvamia, na mateka akafa katikati ya risasi, au kukubali yaliyotokea. Kesho yake uongozi wa jeshi ulitoa tamko la kuwaunga mkono waliopindua, hoja yao ikiwa kuepuka umwagaji damu. Baada ya tamko hilo, mgeni ambaye angeingilia angepigana na jeshi zima la nchi, wakati mafuta, chakula na vipuri vyake vinapita kwenye barabara na anga vinavyoshikwa na jeshi hilohilo. Watu huona kuta na nyaya za kambi wakadhani ni ngome. Mwenye kambi ni mpangaji, na mwenye nyumba akibadilika usiku, mpangaji huamka akikagua mkataba wake.

Hali ilikuwa hivyohivyo Côte d'Ivoire, Desemba 24, 1999. Kikosi cha Ufaransa kilikuwa Port-Bouët, jirani na uwanja wa ndege wa Abidjan. Rais Henri Konan Bédié alipopinduliwa, kilichotoka humo ni helikopta ya kumpeleka Togo.

Nasikia wapinduzi wengi wamefundishwa na haohao wageni. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

Wapo. Jenerali Moussa Salaou Barmou wa Niger alipata mafunzo kwenye kambi ya Fort Benning, Marekani, na kusoma chuo cha ulinzi cha Washington. Baada ya mapinduzi akawa mkuu wa majeshi. Guinea, Septemba 2021, Mamady Doumbouya aliyeongoza mapinduzi alikuwa mkuu wa kikosi maalumu, na wakufunzi wa Kimarekani walikuwa nchini kuwanoa askari wake.

Lakini tusiishie kwenye vyeti. Darasani hafundishwi mtu kupindua. Tatizo ni uwiano. Kikosi cha kawaida mara nyingi risasi zake zipo ghalani, hutolewa kwa sahihi. Magari yanagombewa na mafuta hupimwa. Kikosi maalumu kinachofadhiliwa na mgeni hupewa vyote kwa pamoja: magari yanayowaka, redio zake, miwani ya kuonea usiku, risasi mkononi. Kikiwa kimekaa karibu na mji mkuu chini ya kamanda mmoja, vikosi vingine haviwezi kukizuia kwa wakati. Ukitaka kupima hatari, idadi ya wakufunzi haitakusaidia sana. Uliza kikosi hicho kinalala kilomita ngapi kutoka ikulu, na ghala la risasi liko chini ya nani.

Mbona 1964 Waingereza walizima maasi ya Tanganyika kwa siku moja? (Dar es Salaam)

Kwanza, yale yalikuwa maasi, madai yakiwa mishahara na maofisa Waafrika. Usiku wa kuamkia Januari 20 askari wa kambi ya Colito, leo Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza wakaingia mjini, ila Mwalimu Nyerere hawakumpata. Serikali ilibaki na mtu halali wa kuomba msaada, na waasi hawakuwa na mateka wa kumwekea bunduki kichwani. Pili, manowari Centaur ilikuwa tayari baharini. Alfajiri ya Januari 25 makomando walitua kwa helikopta kando ya kambi. Kenya na Uganda nazo, zilizopata maasi yao wiki hiyohiyo, ziliomba msaada wa Waingereza.

Hata hivyo Mwalimu hakuwafanya Waingereza walinzi wa kudumu. Alivunja jeshi lililoasi, askari wa Nigeria wakashika zamu, na Septemba 1, 1964 JWTZ ikaundwa upya kabisa.

Tazama na Gabon. Februari 1964 Ufaransa ilileta wanajeshi kutoka Dakar na Brazzaville wakamrudisha madarakani Rais Léon M'ba aliyekuwa amepinduliwa. Agosti 30, 2023 Ufaransa ilikuwa na askari wapatao 400 mlemle Libreville; mkuu wa walinzi, Brice Oligui Nguema, akamwondoa Rais Ali Bongo, wala hakuna aliyetoka kambini. Katikati hapo, mikataba ya zamani ya ulinzi na Ufaransa, yenye vifungu vya siri, ilikuwa imejadiliwa upya, baada ya Rais Nicolas Sarkozy wa Ufaransa kutangaza hivyo Cape Town mwaka 2008. Na Paris haikuwa tena na hamu ile.

Na mgeni mwenyewe anaweza kupindua? (Msomaji, Muscat)

Anaweza kushika taa, na wenzetu wa Oman wanalijua hilo. Julai 23, 1970 Sultani Said bin Taimur aliondolewa Salalah na mwanawe Qaboos, maofisa Waingereza waliokuwa wakiongoza jeshi la Sultani wakiwa ndani ya mpango. Huko mgeni hakuwa na kambi tu, alikuwa na amri.

Bungeni kwetu kuna mkataba wa kambi ya kigeni. Niusome wapi kwanza? (Nanyuki)

Anza na kifungu cha amri: je, askari wa kigeni anaruhusiwa kuingilia vurugu za ndani, na kwa ombi la nani, la mdomo au la maandishi? Kisha cha mashtaka, anayeua raia anahukumiwa mahakama gani. Kisha orodha ya vikosi vitakavyofundishwa. Ikitaja kikosi kimoja tu, simama hapo uulize. Mwisho soma kifungu cha kuvunja mkataba, siku za notisi na nani anabaki na majengo. Niger ilitangaza kufuta makubaliano na Marekani Machi 16, 2024. Wamarekani walikabidhi Agadez Agosti 5, karibu miezi mitano baadaye, na ule uwanja wa milioni 110 hawakuondoka nao.