Elfu hamsini, kitambulisho na basi la usiku: jibu kwa dada anayetaka kuvuka mpaka

Dada, swali lako limenigusa, kwa hiyo vumilia jibu refu. Umesema unaishi Umoja, hapa Nairobi, una akiba ya elfu hamsini, hujawahi kutoka nje ya Kenya, pasipoti huna, na wakala amekutajia kifurushi cha Zanzibar cha elfu themanini na tano. Unauliza kama mtu wa kawaida anaweza kujipangia safari mwenyewe bila kupotea wala kutapeliwa. Anaweza kabisa. Mimi safari zangu hujipangia mwenyewe.

Weka kando picha za ufuo kwanza, utazame karatasi ulizo nazo mkononi. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Hakuna viza, na pasipoti si lazima. Tanzania nayo haitudai viza, lakini kwa kitambulisho pekee huvuki, na ndiyo maana Zanzibar ya wakala ingekugharimu zaidi ya hiyo elfu themanini na tano. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unapeleka alama za vidole, kwa sisi wa Nairobi ni pale Nyayo House. Kwa mwenye elfu hamsini hizo si pesa za kuchezea. Ushauri wangu ni kwamba safari ya kwanza uende Kampala na Kigali kwa kitambulisho, na pasipoti uiombe polepole kwa mfuko mwingine. Inadumu miaka 10, kwa hiyo hutajuta.

Kitambulisho chenyewe kikague. Kama kimepasuka au picha imefutika, kabadilishe mapema, na ile karatasi ya kusubiria kipya usiitegemee mpakani. Pia chanja homa ya manjano sasa hivi, usingoje wiki ya safari, maana kadi huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Tangu 2016 chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo unailipia mara moja tu, na ukifika zamu ya Tanzania utaihitaji vilevile. Ihifadhi kadi pamoja na kitambulisho, na zote mbili uzipige picha uziweke kwenye simu na kwenye barua pepe.

Sasa utafiti, ambapo wengi hudanganyika kwa kusoma habari zilizopitwa na wakati. Mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa mwaka 2019, ukafunguliwa tena Januari 2022. Hadi leo utakuta watu wanaelekezwa njia za kuzunguka, kwa sababu mwandishi aliandika wakati umefungwa. Afrika Kusini ni hivyo hivyo. Kabla ya 2023 tulisumbuka na viza, lakini tangu Januari 1, 2023 tunaingia bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, ingawa maelezo ya zamani bado yapo kila mahali. Kabla ya kuamini jambo lolote, angalia liliandikwa lini, halafu ulithibitishe kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi unayokwenda. Video za watu wanaocheka kando ya bwawa la kuogelea hazikuambii mpakani utaulizwa nini.

Kitu ambacho mimi huamua kabla hata ya kulinganisha nauli ni saa ya kufika. Nairobi hadi Kampala ni takriban kilomita 650, na kwa basi ni usiku mzima. Ukitoka asubuhi utashuka Kampala giza limeingia, hujui kushoto wala kulia, na mtu wa kwanza atakayekushika mkono ndiye atakayekupangia bei. Ukitoka jioni unaingia mchana, maduka yamefunguliwa, na usiku mmoja wa kulipia chumba umeuokoa. Nenda mwenyewe River Road na mitaa ya jirani, uulize kwenye ofisi za mabasi tatu au nne. Kila mahali uliza mambo mawili: basi linatoka saa ngapi hasa, na linapitia Busia au Malaba. Tiketi ikatie dirishani. Usimpe pesa kijana aliyekupokea barabarani, hata akikuita dada mara kumi.

Mpakani usitishwe na stori za watu. Basi husimama alfajiri, mara nyingi baridi imeshika, makanga anapiga kelele mshuke wote. Kabla hujashuka, soma namba ya basi na uzungumze na jirani yako wa kiti, ili wote wawili mjue mko pamoja. Mkoba wenye simu na pesa shuka nao. Mnaingia jengo moja. Afisa wa Kenya anatazama kitambulisho, unasogea dirisha linalofuata, wa Uganda anakuuliza unakwenda wapi na utakaa siku ngapi. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli, ukiwa umeandika jina la mahali utakapolala. Ukipewa karatasi ya kuingilia, itunze hadi utakapotoka. Nje utawakuta vijana wenye mabunda ya noti. Kabla ya kufika hapo, angalia kwenye simu kiwango cha siku hiyo. Mwaka 2025, shilingi yetu moja ilikuwa ikienda kwa takriban 28 za Uganda. Badilisha kidogo tu, ya chai na boda, na uhesabu mwenyewe noti moja moja kabla ya kutoa zako. Kiasi kikubwa badilisha mjini, kwenye duka lenye bei zilizobandikwa ukutani.

Kampala kwenda Kigali ni takriban kilomita 500, kupitia Mbarara na Kabale. Mfuko wa plastiki uache, Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2008 na hawana mchezo. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na magari yao hupita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama pande zote mbili. Mabasi ya mjini unalipa kwa kadi. Siku moja itenge kwa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Kiingilio ni bure. Usiende huko ukiwa na haraka ya kuwahi soko la Kimironko, panga mchana wote.

Chumba mimi hutafuta kwa ramani. Naangalia kiko umbali gani na kituo cha basi, nasoma maoni mabaya ya karibuni, kisha nawapigia wenyewe na kuuliza bei ya kulipa moja kwa moja. Mara nyingi hupungua. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, lipia kidogo zaidi usiku wa kwanza upate mahali penye mlinzi na mapokezi ya saa zote. Hapo usibane matumizi.

Pesa zigawe kabla ya kuondoka. Nauli ya kurudi iweke mbali kabisa, pamoja na ya usiku mmoja wa ziada, na usiiguse hata ukipenda kitenge gani. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya siku, uone kila siku ina kiasi gani cha kulala, kula na kuzunguka. Kiasi kikikutisha, punguza siku, usipunguze akiba ya dharura. Chakula hakitakusumbua, maana asubuhi ya Kampala na rolex ya chapati na mayai inakufikisha mchana.

Desemba usithubutu. Nauli za kuelekea magharibi hupanda watu wakienda ushago, yaani vijijini kwao, na basi la Kampala linatumia barabara hiyo hiyo. Januari mwishoni hadi Februari ni kukavu na mabasi yana nafasi.

Ulaya umeitaja pia. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hazirudi, bado bima na taarifa za benki. Mimi ningeiacha kwa sasa. Ukishapata pasipoti, Malaysia na Singapore hazitudai viza kwa ziara fupi, nawe utakuwa umeshajua kupanga.

Wiki hii anza na chanjo na kuuliza nauli River Road. Ukipata bei, ziweke hapa pamoja na tarehe unazofikiria, nami nitakusaidia kuzipigia hesabu siku kwa siku.