Maswali ya Wasomaji: Lakabu za maandamano hunasaje?

SWALI: Mhariri, salaam. Wakati wa maandamano ya 2024, hata watoto huku Lamu walikuwa wakiimba "Zakayo shuka". Mabango yalikuwa na majina chungu nzima, mengine makali kuliko hilo, nayo yamekufa. Hili lilinasa kwa nini?
Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Kwa sababu hadithi yake ilikuwa tayari vichwani mwa watu. Zakayo ni yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu, akaambiwa ashuke. Rais Ruto alianza kuitwa hivyo 2023, mwaka VAT ya mafuta ilipopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: jina limebeba kosa, na amri ya kushuka imo ndani ya hadithi yenyewe. Tena ni silabi tano tu, zinaimbika watu wakitembea. Mabango mengi hukwama hapo. Tusi lisilotaja kosa lamfaa yeyote, kwa hiyo halimshiki mtu. Waimbaji wa vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, huko Lamu wanalijua hili siku nyingi: kijembe hutaja kitendo, mwenyewe akajijua.

Njia nyingine ni tukio moja lililoonwa na wengi. Kyiv, Ukraine, Mei 2013, mwanamichezo Vadym Titushko alipigwa picha katika vurugu ambazo waandishi wa habari walishambuliwa. Maandamano ya Maidan ya kuipinga serikali yalipozuka huko mwishoni mwa mwaka huo, vijana wa kukodiwa kupiga waandamanaji waliitwa "titushki". Jina la mtu mmoja likawa jina la kazi. Waliofika na pikipiki na viboko katikati ya Nairobi Juni 2025 wamebaki "wahuni wa kukodiwa" tu, nadhani kwa kuwa hakuna sura moja iliyowakaa watu akilini.

SWALI: Wakubwa nao huwaita waandamanaji wahuni, wahalifu, magaidi. Mbona mara nyingine waliotukanwa hulivaa jina kwa fahari, na mara nyingine huliogopa?
Msomaji wa Shella, Malindi

JIBU: Tazama kwanza kama nyuma ya jina kuna sheria. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail la London liliwaita "suffragette" wanawake waliodai kura, kwa kuwadogosha. Wakalichukua, na baadaye wakalipa gazeti lao jina hilo hilo. Walifungwa kwa matendo yao, si kwa kuitwa hivyo. "Gaidi" ni habari nyingine: Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, na baada ya maandamano ya 2025 wako walioshtakiwa kwayo. Hilo nani atalichapisha kwenye fulana?

Lakini kazi kubwa ya jina litokalo juu ni kufuta dai. Hapo kwenu Malindi mnaye Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha Wagiriama 1913 wasilipe kodi wala kuwafanyia Waingereza vibarua. Wakoloni walimchora kama mchawi. Ukishasoma "mchawi", huulizi tena kodi ilikuwa kiasi gani. Tarehe 25 Juni 2024, Bunge lilipovamiwa, Rais alizungumzia wahalifu wanaojifanya waandamanaji wa amani. Kesho yake akakataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha, ule wa kodi uliozua maandamano. Safari hiyo dai halikufutika.

SWALI: Nasimamia kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Nifute majina yapi?
Msomaji wa Faza

JIBU: Jiulize, aliyebandikwa anaweza kulivua kwa kubadili mwenendo? Zakayo anaweza kupunguza kodi. "Shifta" ni kinyume chake. Kati ya 1963 na 1967 lilikuwa jina la wapiganaji waliotaka Kaskazini Mashariki ya Kenya iungane na Somalia; likaishia kubandikwa Wasomali wasiowahi kushika bunduki. Hilo futa. Majina ya wadudu futa bila kufikiri mara mbili: "inyenzi", yaani mende, lilianza Rwanda kwa wapiganaji wa miaka ya 1960, na 1994 likawa la Watutsi wote.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inatoza faini hadi shilingi milioni 1, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa uchochezi wa kikabila. Dalili utaiona mapema katika sentensi: jina likiacha kufuatwa na kitendo, likaanza kufuatwa na "wote" au "nyinyi", liondoe siku hiyo hiyo, kabla mtu hajalipiga picha ya skrini na kulipeleka vikundi vingine.