Chati za Rangi Ziache Kwanza: Kusoma Ripoti ya Vifungashio

Wewe uliyeingia juzi kwenye kazi ya vifungashio hapa Nairobi, hakikisha kwanza ripoti uliyokabidhiwa ni ya aina gani. Ukitaja "ripoti ya athari za mazingira", wengi watafikiria ile ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, inayodaiwa na sheria ya mazingira ya 1999 kabla mtu hajajenga kiwanda au kufungua timbo. Hiyo hutazama mahali: kelele, vumbi, maji machafu, majirani. Ripoti ya kifungashio huifuata bidhaa yenyewe, tangu mafuta ghafi au mti hadi jalalani, na kanuni zake zimo katika viwango vya ISO 14040 na 14044 vya 2006. Ofisini huitwa LCA, yaani tathmini ya maisha ya bidhaa. Mnunuzi wa ng'ambo akiomba LCA nawe ukamtumia leseni ya NEMA, hujamjibu kitu.

Ukiifungua, ruka chati za rangi. Nenda kwenye sehemu ya lengo na mipaka, utafute sentensi moja inayotaja kipimo cha kazi, yaani kinacholinganishwa hasa ni nini. Kulinganisha kilo ya plastiki na kilo ya kioo ni kazi bure, maana hakuna anayekwenda dukani kununua kilo ya chupa, ananunua maziwa. Kipimo kinachofaa husomeka hivi: "kumfikishia mnunuzi lita 1,000 za maziwa, yakiwa hayajaharibika". Hayo maneno ya mwisho si mapambo. Pakiti nyembamba ikipasuka njiani, maziwa yaliyomwagika yana mzigo mkubwa kuliko pakiti yenyewe, kwa kuwa malisho, gesi ya ng'ombe na ubaridi vyote vimekwisha kuingia humo. Ripoti isiyohesabu hasara ya bidhaa imeacha nje sehemu nono ya hesabu.

Chupa za kurudishwa zinahitaji jicho kali zaidi. Chukua mfano wa chupa ya kioo ya gramu 300. Ikizunguka mara 25 kati ya kiwanda na kioski, kila safari inabeba gramu 12 za kioo. Ikivunjika au kupotea baada ya safari 5, kila moja inabeba gramu 60. Nambari hiyo moja inaligeuza jibu mara tano, na mara nyingi utaikuta imejificha kwenye kiambatisho. Ukiipata, uliza imetoka wapi: ni daftari la kreti zinazotoka na kurudi ghalani, au ni makadirio ya mtu aliye mezani? Kisha angalia kama maji, kostiki na moto wa kuoshea vimehesabiwa.

Hakuna kampuni inayopima kila kitu. Mapengo hujazwa kwa hifadhidata, aghalabu ecoinvent ya Uswisi, na kila mstari wake una alama ya mahali: RER ni Ulaya, GLO ni dunia nzima, RoW ni dunia iliyobaki, KE ni Kenya. Ukiona umeme wa kiwanda kilichoko Barabara ya Mombasa umewekewa GLO, simama hapo. Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo, ilhali wastani wa dunia bado una makaa ya mawe mengi. Kwa hiyo hewaukaa ya kupuliza chupa hapa itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Ila usishangilie mapema: punje za plastiki zinazoingia kupitia bandari ya Mombasa zilitengenezwa kwa gesi na umeme wa kwingine, na kuzibandika alama ya KE ni kosa lile lile likigeuzwa upande wa pili.

Wageni wengi hupotezea muda kwenye usafiri. Piga hesabu: tani 1 ya punje kutoka Mombasa husafiri kilomita 480 hivi. Lori kubwa likikadiriwa kutoa kilo 0.1 ya hewaukaa kwa kila tani-kilomita, yaani tani moja ikibebwa kilomita moja, jumla ni kilo 48. Kuitengeneza tani hiyo hiyo ya polithini hutoa takriban tani 2 za hewaukaa. Ubishi wa malori ni wa wakati wa chai. Kwenye kikao jadilini uzito wa kifungashio.

Penye utata hasa ni mwisho wa safari. Ripoti iliyoandikiwa Ulaya huweza kuzipeleka taka kwenye tanuri la kuzalisha umeme, kisha kukipunguzia kifungashio mzigo kwa sababu ya umeme huo. Dandora, zinakoishia taka za Nairobi, ni jalala la wazi. Moto ukiwaka humo, hakuna mtambo unaovuna joto lake. Kilo 1 ya polithini ikiungua kabisa hutoa kama kilo 3.1 za hewaukaa, na moto wa jalalani hauunguzi kabisa, hivyo ongeza masizi. Karatasi nayo isionewe huruma: ikifukiwa chini ya taka huoza bila hewa na kutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewaukaa, uzito kwa uzito. Vikombe vya PLA, plastiki itokanayo na mimea, vinavyoandikwa "huoza" huhitaji mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Bila mtambo huo, neno lile ni rangi tu juu ya kikombe. Na ripoti ikidai kwamba plastiki iliyochakatwa upya imeingia bila mzigo, kisha mwishoni ikajipa tena sifa kwa kuchakatwa, imejilipa mara mbili.

Soma pia jibu limetolewa kwa kiashiria gani, yaani aina gani ya athari iliyopimwa. Utafiti wa serikali ya Denmark wa 2018 ulikuta kwamba mfuko wa pamba ya kawaida utumike mara 52 ili ulingane na mfuko wa plastiki kwa upande wa tabianchi, lakini mara 7,100 ukichukua viashiria vyote, kwa sababu ya kiashiria cha tabaka la ozoni. Nambari zote mbili zimo katika ripoti moja, ila ya pili ndiyo iliyovuma. Kuna na lisilopimwa kabisa: LCA kwa kawaida haina safu ya mfuko ulioziba mtaro au uliomezwa na mbuzi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyoanza 28 Agosti 2017, ililenga uchafu wa namna hiyo, kwa hiyo plastiki inaweza kushinda kwenye jedwali na bado ikakupeleka kortini.

Bosi akitaka kuchapisha kwenye katoni kwamba kifungashio chenu ni bora kuliko cha mshindani, ISO 14044 inadai jopo la wakaguzi, wasiopungua watatu, na hairuhusu viashiria vyote vipimwe uzito na kusongwa kuwa alama moja. Maoni ya jopo kwa kawaida huwekwa mwishoni, na humo ndimo takwimu dhaifu hutajwa waziwazi. Kurasa hizo zikikosekana, mwambie wa mauzo ripoti hiyo ni ya kusomwa ndani ya ofisi tu.