Dracula wa 1931: mara ya kwanza nilisinzia

Mara ya kwanza Dracula ya 1931, filamu ya kutisha ya bwana mnyonya damu, niliitazama kwenye simu, ndani ya basi la Tanga, saa nane mchana, huku dereva kafungulia taarabu. Nilisinzia kabla mwenyewe hajafika London. Nilipoamka nikaona wazee wetu wa zamani walikuwa na woga wa bure.

Miaka ilipita ndipo nikairudia, usiku, taa nimezima. Nikajua kosa lilikuwa langu. Filamu ile karibu haina muziki. Ukitoa kipande cha Tchaikovsky kinachosindikiza majina mwanzoni, na muziki wa kwenye ukumbi wa tamasha, kilichobaki ni mlango unaolia, mbwa mwitu wa mbali, na kimya. Sasa kimya utakisikia wapi ndani ya basi? Lipo toleo lililowekewa muziki wa Philip Glass, uliotungwa miaka ya 1990. Ni mzuri, ila usianze nalo.

Tena usisubiri meno. Bela Lugosi, anayemwigiza Dracula, haonyeshi chonge hata mara moja, na kung'ata kwenyewe hukuoni. Anainama, picha inakatika. Unachopewa ni macho yaliyomulikwa kwa vimwanga vidogo, na ile lafudhi yake ya Kihungari, kila neno likitoka taratibu kana kwamba linapimwa kwenye mizani. Bibi yangu alikuwa akitutisha kwa mumiani, na hakuwahi kutuambia mumiani ana sura gani. Tulikuwa hatutoki nje kwenda chooni.

Sitakudanganya kwamba yote ni tamu. Sehemu ya kwanza, kule kwenye kasri la Dracula, haina mpinzani, hata kama kuna mnyama wa Amerika mwenye magamba, aliye kama kakakuona, anayerandaranda humo (kafikaje Transylvania, mimi sijui). Baada ya hapo watu wanasimama sebuleni na kuongea. Hadithi ilipitia jukwaani kwanza, na inaonekana: mtu anachungulia dirishani, anasema anaona kitu kama mbwa mkubwa kikikimbia bustanini, nasi hatuonyeshwi chochote. Vumilia tu.

Ukishaimaliza, tafuta ile ya Kihispania, ya mwaka huohuo. Kikosi cha Tod Browning, mwongozaji wa ile ya Kiingereza, kilipokwenda kulala, kikosi kingine cha George Melford kiliingia studio zilezile za Universal na kupiga hadithi ileile usiku. Imezidi ile ya Kiingereza kwa karibu nusu saa. Mimi huziweka pamoja penye tukio moja tu: Dracula akimpokea mgeni kwenye ngazi. Kamera ya Melford inapanda ngazi kumfuata, ya Browning imetulia. Kwa kamera, Melford kashinda. Lakini Carlos Villarías, Dracula wa Kihispania, anapotumbua macho mimi hucheka, na Lugosi hajawahi kunichekesha.

Ukibakiwa na hamu, ruka hadi Dracula's Daughter ya 1936. Gloria Holden ni binti aliyechoka na kiu ya damu aliyorithi kwa baba, hata anamwendea daktari wa akili amtibu. Humwonea huruma kila mara. Ni dakika 71 tu, unaweza kuitazama hata usiku wa kuamkia kazini.