Kabla ya kukata tiketi, uliza ndege gani

Kazi yangu ni kukatia watu tiketi hapa Unguja, na wateja wangu wengi ni watu wa nyumbani: mtu anayempeleka mama yake Dar kwa matibabu, mfanyabiashara wa Darajani anayefuata mzigo Guangzhou, mzee wa Wete anayerudi kwake baada ya Idd. Swali la kwanza huwa bei. La pili huwa shirika gani, na nikishalitaja tu mteja ananimalizia mwenyewe: "Ah, hao wazuri, ndege zao nzuri." Ukimuuliza uzuri huo ameuonea wapi, atakutajia rangi za mkiani, sare za wahudumu na tangazo aliloletewa kwenye simu. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni lile ambalo mimi naliona la kwanza: tutapanda ndege gani?

Nembo naiheshimu. Wazee waliowahi kusafiri na East African Airways, iliyofanya kazi kuanzia 1946 mpaka 1977, bado wanamkumbuka simba wake. Air Tanzania ilipoanza 1977 ilimchukua twiga, na twiga yuko mkiani mpaka leo. Akitua Kisauni watoto wanamwonyeshana vidole. Oman Air mwaka 2008 iliacha jambia ikachukua mchoro wa dhahabu unaofuata moshi wa ubani, na mtu aliyekulia kwenye nyumba inayofukizwa kila Alkhamisi hahitaji kuelezwa maana yake. Nembo ya namna hiyo ni ahadi kwamba utatunzwa. Sasa anayeitimiza ahadi ni chuma chenyewe unachopanda, na namna walivyokipanga ndani.

Tuliliona hilo kwa fastjet. Novemba 2012 walipoanza safari zao Tanzania, kila mtu alimjua kasuku wa mkiani, nauli zao ziliwapandisha ndege watu ambao hawakuwahi kuota kupanda, na jina lilishika haraka mno. Ndege waliyoianzia ilikuwa Airbus A319, jeti ya abiria zaidi ya mia na hamsini. Njia nyingi hazikuwa na watu wa kuijaza kila siku. Baadaye wenyewe waliamua kuhamia Embraer 190, iliyo ndogo zaidi, lakini hasara ilikuwa imeshakuwa kubwa, na mwisho wa 2018 safari zao hapa nchini zikasimama. Kasuku hakuwa na kosa lolote. Ndege ilikuwa kubwa kuliko soko.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kwenye tiketi yenyewe. Ukitafuta safari mtandaoni, karibu na namba ya safari au ukibonyeza sehemu ya maelezo, utaona aina ya ndege, mara nyingine kwa kifupi cha herufi na tarakimu. AT7 ni ATR 72. DH4 ni Dash 8 Q400. Hizo mbili ni ndege za pangaboi, zenye mapanga yanayozunguka nje. E90 ni Embraer 190, 223 ni Airbus A220-300, 73H ni Boeing 737-800, 788 ni Boeing 787-8. Ukizijua hizi, tayari unajua mambo mengi kuliko tangazo lolote litakavyokwambia.

Halafu tafuta maneno "inaendeshwa na". Mashirika huuziana viti, na mashirika hukodi ndege za wenzao pamoja na marubani na wahudumu wake, hasa ndege zao zinapokuwa kwenye matengenezo. Niliwahi kuikatia familia moja tiketi za kwenda ng'ambo kwa shirika ambalo lilijitangaza kwa skrini kila kiti na chakula cha moto. Siku ya safari ikaja ndege nyeupe tupu, haina nembo, haina skrini, na namba za viti hazikuoana na zile za kwenye karatasi. Baba alitenganishwa na watoto wake wadogo kwa safu nyingi, na ilibidi abiria wengine waombwe wahame. Kisheria shirika lilikuwa ndani ya haki yake, kwani masharti ya tiketi yanaruhusu kubadilisha ndege. Tangu hapo nikimkatia mtu mwenye watoto au mgonjwa, naitazama tena tiketi siku moja kabla ya safari, maana ndege ikibadilishwa mpangilio wa viti nao hubadilika, na anayewahi kupiga simu ndiye anayepata viti vya pamoja.

Ukiwa tayari uko kiwanjani, tazama herufi zilizoandikwa ubavuni karibu na mkia. Ndege iliyosajiliwa Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Ethiopia ET, ya Oman A4O, ya Qatar A7. Rangi unaweza kupaka usiku mmoja; herufi zile ndizo zinazosema nchi gani inaisimamia ndege hiyo.

Nije Pemba, kwa sababu huko ndiko ndege ina maana kuliko kokote. Njia ya kurukia ya Pemba ni kiasi cha kilomita moja na nusu, wakati ya hapa Unguja inafika kilomita tatu. Majeti makubwa hayana nafasi pale, ndiyo maana abiria wengi wa Chake wanasafiri kwa Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba watu wapatao 12. Naipenda sana ndege hii. Inaruka chini, nusu saa nzima unaiona Tumbatu, unauona mkondo, kisha kisiwa cha Misali na mikarafuu yenyewe. Lakini mtu anayempeleka mzazi wake lazima ajue anampandisha nini.

Nilimsindikiza shangazi yangu kutoka Chake, magoti yake yamechoka na buibui lake refu. Ngazi ya Caravan ni ya kukunjua, nyembamba, vipande vichache tu, na pembeni kuna kamba ya kushikia iliyo nyembamba kama kidole. Alipanda akiwa ameshikwa mkono na rubani mwenyewe kwa mbele na mimi nimeshika buibui kwa nyuma lisikanyagwe. Akishaingia ndani, dari iko chini, hawezi kusimama wima, anatembea ameinama mpaka kwenye kiti. Hakuna choo. Ndege ikisubiri chini jua la saa saba, ndani kunachemka, na ubaridi unaanza mkishapaa. Na kabla ya yote hayo alipimwa uzito pamoja na mkoba wake, jambo lililomuudhi kwa kuwa lilifanyika mbele za watu. Nilimweleza kwamba rubani anapanga watu kwa uzito ili ndege ikae sawa, akatulia, ila ningependa makampuni yetu waweke mzani ule nyuma ya pazia. Ni kitambaa tu. Heshima kama hiyo mteja anaikumbuka kuliko nembo.

Mizigo ya Caravan mingi huingia kwenye boksi lililo chini ya tumbo la ndege, na kwa kawaida kikomo ni kilo 15 kwa mtu, begi laini. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki, linakataliwa. Wale wanaobeba mkungu wa ndizi, halua na magunia ya karafuu, meli ni bora, na nawaambia hivyo hata kama mimi nakosa kamisheni.

ATR na Q400 ni hatua nyingine kabisa. Viti viwili kila upande, choo kipo, mhudumu yupo, na ubaridi unafanya kazi. Watu wengi wananiuliza kwa nini safari ya Dar wanapewa "pangaboi" badala ya jeti, kana kwamba wamepunjwa. Safari hii ni ya dakika 20 hivi. Jeti hula mafuta vizuri ikiwa juu sana, na hapa haina muda wa kufika huko. Ikipanda tu inaanza kushuka. Pangaboi ndiyo ndege sahihi kwa maji haya, na shirika linaloichagua linajua hesabu zake. Kitu cha kujua ni mlango: kwenye ATR abiria hupandia nyuma, sehemu ya mbele ni ya mizigo. Basi mzee mkatie safu za nyuma, atatembea hatua chache, na atakuwa mbali na kelele, kwa sababu mapanga yako kwa mbele. Begi la magurudumu watalichukua mlangoni, kwa hiyo dawa, hati na simu ziwe kwenye mkoba mdogo.

Kwa safari ndefu zaidi, nikiwa na uchaguzi, nachagua A220. Air Tanzania ndiyo iliyokuwa ya kwanza Afrika kuipata, Desemba 2018. Ndani yake upande mmoja una viti viwili na mwingine vitatu, na viti ni vipana kuliko vya 737, ambayo ina vitatu kwa vitatu. Mume na mke, au mgonjwa na msindikizaji wake, nawaweka upande wa viwili; hakuna mtu wa tatu wa kumrukia kila wanapotaka kunyanyuka. Na anayekwenda India kwa matibabu ya moyo au kifua, nikipata 787 namlazimisha aichukue. Mwili wa ndege ile umejengwa kwa namna inayowezesha hewa ya ndani kuwa kama ya mlima wa urefu wa futi 6,000, ilhali ndege nyingi za zamani hufika futi 8,000, ambako hewa ni hafifu zaidi, na ukavu wa hewa nao ni mdogo zaidi. Kijana haoni tofauti. Mtu mwenye pumzi fupi anaiona, ingawa ruhusa ya kusafiri bado ni ya daktari wake.

Ubora wa ndani nauangalia kwa vitu vidogo: meza ya kukunja inakaa au inaning'inia, mkanda wa kiti umesokotana, mfuko wa mbele una takataka za abiria aliyetangulia, choo kina maji. Hivi vinakwambia kama kuna mtu anayejali. Havikwambii hali ya injini, na nawaomba watu wasichanganye mambo haya mawili. Ndege yenye kiti kilichochanika inaweza kuwa imetengenezwa vizuri sana, na yenye ngozi mpya ikawa na historia ya shida.

Ndiyo maana usalama tunautafuta kwenye usimamizi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyopewa leseni Tanzania, ukitaja upungufu katika usimamizi. Liliniuma, kwa kuwa wamo ndani yake marubani na mafundi ninaowaheshimu sana. Lakini dawa yake ni kazi ya wakaguzi, mafunzo na kumbukumbu za matengenezo, na rangi mpya haitalifuta. Wenzangu mnaopokea watalii wa Ulaya, wakumbusheni waulize bima zao kabla ya kupanda ndege za ndani, kwani baadhi ya mikataba ya bima inaitazama orodha hiyo.

Jambo la mwisho la kupima shirika ni wana ndege ngapi za aina moja. flydubai wanaokuja hapa wana 737 tu. Moja ikiharibika, nyingine inaweza kushika nafasi yake, rubani ni yuleyule na vipuri ni vilevile. Shirika lenye ndege chache za aina nyingi halina pa kukimbilia. Na hata ukichagua ndege nzuri unaweza kukwama: mwaka 2022 Air Tanzania ilisimamisha baadhi ya A220 zake kwa tatizo la injini za Pratt & Whitney, injini ambazo zilisumbua mashirika ya Ulaya pia. Kwa hiyo mwenye ndege ya kuunganisha Dar, aache nafasi ya kutosha. Mimi simuunganishi mtu kwa saa moja hata kama mtandao unakubali kuuza tiketi hiyo. Nataka saa nne, na kwa safari ya nje ya Afrika natamani alale Dar.

Kama una mgonjwa wa machela, usikate chochote mtandaoni. Nenda ofisini kwa shirika ukiwa na barua ya daktari, uliza ndege ni ya aina gani na kama viti vinaweza kutolewa au kulazwa, maana machela hukalia nafasi ya viti kadhaa na vyote hulipiwa. Kwenye Caravan viti hufunguliwa, lakini wanahitaji kujua mapema. Omba fomu yao ya afya, daktari aijaze, na uliza oksijeni inatolewa na nani, wao au wewe. Waandikie pia namba ya simu ya ndugu atakayepokea upande wa pili.